Uzi, Mizani na Ubao: Jinsi Watoto wa Nachingwea na Ruangwa Walivyopimwa

Kipimo cha kwanza cha mwili wa mtoto katika nchi ya Wamwera, yaani wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, kilikuwa uzi. Mtoto mchanga alifungwa uzi mweusi kiunoni au kifundoni mwa mkono, na ingawa kazi yake ya kwanza ilikuwa kumkinga, uzi huo ulitoa pia taarifa. Mtoto akinenepa ulianza kubana na kuacha alama kwenye ngozi, nao ulikatwa ukafungwa mwingine. Ukilegea na kuteleza kuelekea mapajani, bibi aliyekuwa akimwogesha mtoto aliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Uzi haukuwa na namba, lakini ulipima mtoto yuleyule kila siku, jambo ambalo mizani ya zahanati haijaliweza hadi leo.

Kipimo cha pili kilikuja na shule. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo mwalimu wa kuandikisha darasa la kwanza alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Vidole vikifika, mtoto aliandikwa. Visipofika, alirudishwa nyumbani hadi mwaka uliofuata. Watu wazima wengi wa Nachingwea, kama wenzao wa Afrika Mashariki nzima, wanakikumbuka kipimo hiki. Kilipima uwiano wa mkono na kichwa, ambao kweli hubadilika kwa umri, lakini kiliwaonea waliodumaa: mtoto wa miaka 8 mwenye mwili wa miaka 6 alihesabiwa kuwa mdogo, akapoteza mwaka wa masomo.

Uzi ulipima unene na sikio likapima kimo, kila kimoja kwa wakati wake na kwa jicho la mtu tofauti. Historia ya upimaji wa watoto katika wilaya hizi ni kwa sehemu kubwa historia ya vipimo hivi viwili kukaa mbalimbali.

Pamoja na vipimo kulikuwa na maneno. Mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na mikunjo mapajani amenawiri, ana afya, ni kibonge, na hilo ni sifa kwa mama yake. Mtoto aliyekonda aliibua maswali. Kusini na pwani watu walisema amebemendwa, yaani wazazi wamerudiana mapema kabla hajaacha ziwa. Imani hiyo ilikuwa na maana yake ya kijamii, kwa kuwa ililinda nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine, lakini iliugeuza mwili wa mtoto kuwa ushahidi dhidi ya mama. Mama wa mtoto mwembamba alikuwa na sababu ya kumficha. Wapimaji waliokuja baadaye na mizani zao waliikuta aibu hiyo imeshakaa, na si wote walioitambua.

Wageni wa kwanza kupima miili Afrika Mashariki kwa vyombo na namba hawakuja kwa ajili ya afya ya watoto. Wakati wa utawala wa Wajerumani mafuvu ya watu yalipelekwa Berlin, katika mkusanyiko wa Felix von Luschan, yapimwe na kupangwa kwa makabila na mbari. Utafiti uliokuja kutumia kipimo kuuliza watu wanakula nini ulifanyika Kenya. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha matokeo ya kuwalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Wanaume wa Kimaasai, waliokunywa maziwa na kula nyama, walikuwa warefu kwa wastani wa inchi 5 na wazito kwa ratili 23 kuliko wenzao wa Kikuyu waliotegemea nafaka na viazi. Tafsiri yao imekosolewa sana tangu hapo, maana makabila hayo yalitofautiana katika mengi zaidi ya chakula, lakini wazo kwamba kimo cha mtu ni kumbukumbu ya chakula alichokula utotoni lilianza kuzoeleka katika idara za afya za makoloni.

Nachingwea yenyewe iliingia katika hesabu za dunia kwa sababu ya chakula, ingawa si chakula cha watoto wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 ikaanzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mji ukaota mahali palipokuwa pori. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye. Waliobaki ni wakulima waliokuwepo tangu mwanzo, wenye mihogo, mtama, mbaazi, kunde na njugu mawe, na waliochimba ming'oko porini njaa ilipobana.

Huduma ya watoto ilitoka upande mwingine, kwa wamisionari. Hospitali ya Mnero, katika wilaya ya Nachingwea, ilikuwa ya Wabenediktini, na hapo ndipo alipohamia Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Lulindi, Masasi, tangu miaka ya 1930. Stirling alikuja kuwa raia wa Tanzania, mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 Waziri wa Afya. Ni vigumu kutoona uhusiano: waziri aliyesimamia wizara katika miaka ambayo kliniki za mama na mtoto zilienea vijijini alikuwa ametumia sehemu kubwa ya siku zake katika wodi za kusini, ambako mtoto aliletwa akiwa ameshavimba miguu.

Kuvimba huko kulikuwa kumepata jina la kitabibu katika miaka hiyohiyo ya 1930. Cicely Williams, akiwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akauita kwashakoo kwa neno la Waga. Kiswahili kikauita unyafuzi. Kampala ikawa mahali ulipochunguzwa kwa kina: Hugh Trowell na wenzake katika Hospitali ya Mulago walitoa kitabu juu yake mwaka 1954, na mwaka 1965 kikafunguliwa hapo kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mwanawe akajifunza kumlisha kwa vyakula vya sokoni na shambani kwake.

Katika Chuo cha Makerere, Kampala hiyohiyo, alifundisha Derrick Jelliffe, daktari wa watoto ambaye kitabu chake cha mwaka 1966, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kiliwaeleza wafanyakazi wa afya namna ya kutathmini lishe ya jamii kwa vyombo vichache: mizani, kipimo cha urefu, na utepe wa kuzungushia mkono. Nigeria, katika mji wa Ilesha, David Morley alikuwa ameshatengeneza kadi ya ukuaji ambayo mama mwenyewe aliitunza nyumbani. Kadi ya Morley ilikuwa na hekima kubwa. Uzito wa siku moja hauna maana sana, lakini nukta zikiunganishwa mwezi kwa mwezi huonyesha mwelekeo, na mwelekeo ukilala, hatari inaonekana kabla mwili haujaionyesha. Alichokiacha Morley, kwa sababu za wazi za wakati ule, ni urefu. Mizani iliwekwa kwa urahisi popote penye tawi. Kupima urefu wa mtoto wa mwaka mmoja kwa usahihi ni kazi ya watu wawili na ubao.

Tanzania iliipokea kadi kwa moyo wote. Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria, na mwaka huohuo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Mkoa wa Lindi ulikuwa umetengwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na kusini, karibu na mpaka wa vita vya Msumbiji, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Nachingwea ilikuwa pia na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, tangu 1965. Uhamisho huo ulikuwa na machungu yake, lakini ulileta jambo moja ambalo wapimaji walilihitaji: watoto wa kijiji kizima waliweza kukusanyika chini ya mti mmoja siku moja.

Siku hiyo ya kupima haijabadilika sana tangu wakati huo. Mizani ni saa ya duara ya chuma, aina ya Salter, yenye kipimo cha hadi kilo 25 na mistari ya gramu 100. Hufungwa kwa kamba kwenye tawi la mwembe au boriti ya baraza la zahanati. Chini yake huning'inia kaptura ya kitambaa kigumu yenye mikanda miwili mirefu. Mama humvua mtoto nguo, humwingiza miguu katika kaptura, na nesi huitundika mikanda kwenye ndoano. Mtoto akiona miguu yake haigusi chini hupiga kelele na kutupa mateke, na mshale hurukaruka kati ya kilo 8 na 9. Hapo ndipo ujuzi wa mpimaji unapojulikana. Mwenye haraka huandika namba ya katikati. Mwenye uzoefu humshika mtoto kisigino kwa kidole kimoja, humnong'oneza kitu, husubiri mshale utulie, kisha husoma jicho lake likiwa sawa na saa, si kutoka pembeni. Kabla ya mtoto wa kwanza anakuwa ameshaurudisha mshale kwenye sifuri huku kaptura ikiwa imetundikwa tupu, maana kaptura nayo ina uzito. Akisahau, watoto wote wa siku hiyo watakuwa wamenenepa kwenye karatasi tu.

Nukta huwekwa kwenye kadi mbele ya mama. Kwa miaka mingi kadi ya Tanzania ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Kijani ilianzia asilimia 80 ya uzito wa kigezo na kwenda juu, kijivu ilikuwa kati ya 60 na 80, na nyekundu chini ya 60. Akina mama waliisoma bila kujua kusoma. Mkoani Iringa, kuanzia 1983, mpango wa pamoja wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulizitumia rangi hizo katika vijiji 168: watoto walipimwa, matokeo yakajumlishwa, na kamati ya kijiji ikakaa kuuliza kwa nini fulani yuko kwenye nyekundu na nani atawatazama watoto wakati wa palizi. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Mfumo huo ulienezwa katika mikoa mingine, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo bado hufanyika kila robo mwaka, ni mtoto wake.

Jambo ambalo halikujadiliwa katika kamati hizo ni kijani. Rangi hiyo ilikuwa na sakafu lakini haikuwa na dari, na mtoto aliyekuwa juu kabisa ya mchoro alipigiwa makofi.

Utepe wa mkono una tabia hiyohiyo. Wazo la Jelliffe lilifanyiwa kazi na wengine hadi likawa utepe wa rangi tatu, na tangu 2009 kikomo cha utapiamlo mkali kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni sentimita 11.5, na cha utapiamlo wa kadiri ni 12.5. Katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii humpa mtoto tone la vitamini A, kisha huzungusha utepe huo katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto. Ni chombo kizuri mno kwa kazi yake: ni chepesi, ni cha bei ndogo, na humtambua mtoto aliye karibu na kufa. Baada ya 12.5 ni kijani mpaka mwisho.

Kusini mwa Tanzania kumeongeza kipimo kimoja ambacho ni chake hasa, nacho ni mguu. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao walihesabu kaya zote za wilaya tano, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, pamoja na Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Watu walikaribia laki mbili na nusu. Kazi ya kwanza ilikuwa ya malaria ya watoto wachanga. Lakini hesabu zilionyesha watoto wengi wakifa katika mwezi wa kwanza, na waliozaliwa wadogo wakiwa hatarini zaidi. Shida ilikuwa namna ya kumjua mtoto mdogo katika nyumba isiyo na mizani, kwa mama aliyejifungulia kwao.

Wazo likawa kupima unyayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watoto wachanga 529 na kuonyesha kwamba unyayo wenye urefu wa chini ya sentimita 8 uliwatambua wengi wa waliozaliwa na uzito pungufu, ingawa uliwakamata pia wengi waliokuwa salama, na kwamba ule wa chini ya sentimita 7 ulikuwa dalili ya mtoto mdogo hasa. Katika mpango uliofuata, ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, wanakijiji wa kujitolea katika wilaya sita za Lindi na Mtwara walifundishwa kuwatembelea wajawazito mara tatu na wazazi mara mbili baada ya kujifungua. Walibeba kadi yenye mchoro wa nyayo. Mguu wa mtoto uliwekwa juu ya mchoro, kisigino kwenye mstari, na vidole vikaonyesha wenyewe. Mwenye mguu mfupi sana alielekezwa hospitali. Mwenye mguu mfupi kiasi aliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na mtembeleaji akarudi mara za ziada.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalikuwa ya kweli na magumu: baadhi ya mazoea ya malezi yaliboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa. Mtoto anayetambuliwa kwa unyayo kuwa mdogo bado anahitaji hospitali yenye uwezo wa kumhudumia, na barabara ya kufikia hapo. Hata hivyo kadi ya mguu inastahili nafasi yake katika historia, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kipimo cha kitaalamu kuingia katika nyumba za Nachingwea na Ruangwa kikiwa rahisi kama uzi wa bibi. Nayo inagusa unene kwa njia isiyotarajiwa. Tangu miaka ya 1980, kazi ya David Barker wa Uingereza na waliomfuata imeonyesha kwamba mtu aliyezaliwa mdogo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo ukubwani, hasa akija kunenepa haraka baadaye. Mguu mfupi wa siku ya kwanza ni habari ya miaka hamsini ijayo.

Wakati utafiti huo wa kusini ulipoanza, kigezo chenyewe cha kulinganishia uzito na urefu wa watoto kilikuwa kinabadilika. Tangu 1978 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetumia takwimu za watoto wa Marekani, na wachanga kati yao walitoka katika jamii moja ya jimbo la Ohio, wengi wakinyweshwa maziwa ya kopo. Mtoto wa Ruangwa aliyenyonya vizuri alionekana kuanza kushuka kwenye kadi akiwa na miezi michache tu, na mama akaambiwa aanze uji. Ni makosa yaliyoumiza wengi, na yalitoka kwenye mstari wa mchoro, si kwenye titi la mama. Kati ya 1997 na 2003 walipimwa watoto karibu 8,500 walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri katika miji sita: Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Davis na Maskati. Watoto hao walikua kwa mfanano wa kushangaza. Vigezo vipya vilitoka mwaka 2006, vya wavulana na wasichana mbalimbali. Kwa vigezo hivyo idadi ya waliodumaa ilipanda, na idadi ya wenye uzito uliozidi ilipanda pia.

Udumavu ndio uliowashtua wengi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, asilimia 42 ya watoto wa Tanzania chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, na Lindi ilikuwa kati ya mikoa ambako walizidi nusu. Mwaka 2015–16 wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34, na mwaka 2022 asilimia 30. Serikali iliingia mikataba ya lishe na mikoa yote kuanzia mwisho wa 2017, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ruangwa, iliyokuwa imezaliwa kutoka Nachingwea miaka ya 1990, na Nachingwea yenyewe zikawa na maafisa lishe wanaotoa taarifa kila robo.

Udumavu ulilazimisha ubao. Ubao wa kupimia urefu una sehemu ya kichwa isiyosogea na kibao cha miguu kinachoteleza. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali. Mmoja hushika kichwa kwa viganja viwili hadi macho yaangalie juu sawasawa, mwingine hunyoosha magoti kwa mkono mmoja na kusukuma kibao kwa mkono wa pili mpaka kiguse nyayo zote mbili. Nywele zilizosukwa mafundo hufumuliwa au sentimita mbili hupotea. Mtoto hulia, mama huumia moyo, foleni hurefuka. Nesi aliye peke yake kwenye zahanati hawezi, na hivyo katika vituo vingi urefu huachwa wazi ingawa kadi ya sasa ina mahali pake.

Pengo hilo linaonekana vizuri zaidi katika unene kuliko mahali pengine popote. Chukua wavulana wawili wa miaka miwili kamili, kila mmoja akiwa na kilo 12.2. Kwenye kadi ya uzito kwa umri wote wako katikati kabisa ya mchoro, na mama zao wataambiwa hongera. Sasa wasimamishwe. Wa kwanza ana sentimita 87, na uzito wake ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita unapata 16, ambayo ndiyo hasa ya kawaida kwa umri wake. Wa pili ana sentimita 79. Kwake hesabu inatoa 19.5, na kikomo cha uzito uliozidi kwa umri huo ni 18.9. Mtoto huyu amedumaa na wakati huohuo ana uzito uliozidi. Mizani peke yake haiwezi kumwona, utepe hauwezi, na jicho la jirani linaona kibonge mwenye afya.

Hesabu hiyo ya kugawanya uzito kwa kipeo cha pili cha urefu ni ya Adolphe Quetelet, mwanatakwimu Mbelgiji wa miaka ya 1830, aliyetafuta sura ya mtu wa wastani bila kuwaza ugonjwa wowote. Ilipewa jina la uwiano wa uzito na urefu mwaka 1972, kwa watu wazima. Kwa watoto haina kikomo kimoja, kwa kuwa mafuta ya mwili hupanda katika mwaka wa kwanza, hushuka hadi karibu miaka 5 au 6, kisha hupanda tena. Ndiyo maana hulinganishwa na umri na jinsia kila mara. Vigezo vya miaka 5 hadi 19 vilitolewa mwaka 2007.

Kiswahili cha wataalamu wa lishe kimeuita unene wa kupindukia kiribatumbo, kutoka kiriba, mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Ni neno zuri kwa picha yake, lakini linamtazama mtu mzima mwenye kitambi. Kwa mtoto wa miaka minne halifai sana, na tena humcheka.

Kitaifa, watoto wa chini ya miaka mitano wenye uzito uliozidi walikuwa takriban asilimia 4 mwaka 2022. Ni wachache wakilinganishwa na waliodumaa. Tafiti za shule za msingi za Dar es Salaam katika miaka ya 2010 ziliwakuta wengi zaidi, hasa katika shule za binafsi. Kwa akina mama mwendo ni wa kasi: mwaka 1991–92 karibu mmoja kati ya tisa alikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na mwaka 2015–16 walikuwa asilimia 28. Vijijini kusini mabadiliko yanakwenda na misimu ya fedha. Ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka na korosho mwishoni, mafuta ya kupikia, sukari, soda na chapati za barabarani huingia nyumba ambazo miezi michache baadaye, katika mvua, zitakuwa zinahesabu debe la mwisho la mahindi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Ujerumani waliofanya kazi Mitumbati, Nachingwea, na Mibure, Ruangwa, walijikita katika mboga za asili na mikunde kwa sababu hiyo: mbaazi, kunde na kisamvu vipo shambani, lakini mbaazi hupelekwa sokoni, na mboga hukauka kiangazi kikiingia.

Tiba ya mtoto aliyezidi uzito haifanani na tiba ya mtu mzima. Mtoto anayekua mara nyingi hatakiwi kupunguza kilo. Hutakiwa kuongezeka polepole zaidi huku urefu ukimfikia uzito, nyumba nzima ikibadilisha chakula pamoja naye, na yeye akicheza kuliko kukaa. Kumpunguzia chakula mtoto aliyedumaa ni kumzidishia udumavu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 kwa vituo vya msingi unataka watoto wote wa chini ya miaka mitano wapimwe uzito na urefu pamoja, na unashauri kwamba mtoto aliyedumaa asipewe chakula cha nyongeza kwa mazoea tu. Kwa wilaya ambazo kwa miaka hamsini jibu la kila nukta iliyo chini lilikuwa kumwongezea uji, hayo ni mageuzi makubwa. Uji wa unga mtupu, sukari na mafuta utamnenepesha mtoto kabla ya kumrefusha. Kinachomrefusha ni dagaa, mayai, maziwa, kunde na karanga ndani ya uji huo, lishe nzuri tangu tumboni, na kuharisha mara chache.

Kadi huishia miaka mitano, na kwa kweli huachwa mapema zaidi, mara chanjo ya mwisho ya surua inapokwisha na mama akirudi shambani. Shuleni hakuna kadi. Mizani huonekana tena katika kliniki ya wajawazito. Msichana wa Nachingwea au Ruangwa aliyening'inizwa kwenye kaptura akiwa na miezi 18 kwa kawaida hukutana nayo kwa mara ya pili akiwa na mimba ya kwanza. Nesi humwambia avue viatu apande mizani, kisha asimame ukutani apimwe kimo, kwa kuwa mwenye chini ya sentimita 150 huhesabiwa kuwa katika hatari wakati wa kujifungua.